Namna ya Kulitathmini Onyesho la Bendi ya Jemu: Mfano wa Grateful Dead Mjini Ithaca, 1977

Anayetathmini albamu ya studio ana kitu kilichotulia mbele yake: nyimbo ni zilezile, urefu ni uleule, na kila msikilizaji anaweza kurudi palepale alipopataja mwandishi. Onyesho la bendi ya jemu halina utulivu huo. Bendi za aina hii, ambazo nyingi ni za Marekani na ambazo zote zimepita katika njia iliyofunguliwa na Grateful Dead ya California tangu mwaka 1965, huimba beti za wimbo kama zilivyotungwa, kisha huyaacha mashairi na kuendelea kupiga kwa kubuni papo hapo, na huko ndiko kupiga jemu, kwa dakika 5, 10 au hata 30, na wimbo huohuo ukipigwa juma linalofuata katika mji mwingine hutoka na sura tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo, tathmini inayoorodhesha nyimbo zilizopigwa na kuhitimisha kwamba bendi ilikuwa moto usiku ule huwa haijamwambia msomaji lolote.

Katika mwongozo huu ninashikilia jambo moja: kinachopaswa kupimwa ni namna wapigaji wanavyosikilizana, na mahali ambapo kusikilizana huko kunasikika wazi kuliko kwingine ni kwenye maungio, yaani pale ambapo wimbo mmoja umekwisha kuachwa na mwingine haujaanza. Ufundi wa mpiga solo, ubora wa sauti za waimbaji, uchaguzi wa nyimbo na shangwe za hadhira vyote vina nafasi yake, lakini huja nyuma ya hilo. Mfano nitakaoutumia ni onyesho la Grateful Dead la tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca katika jimbo la New York. Nimeuchagua kwa sababu rekodi yake ni safi na inapatikana kwa urahisi, na pia kwa sababu limesifiwa mno, kiasi kwamba kulipima kwa haki ni zoezi la kweli.

Ijue rekodi kabla ya kuihukumu bendi

Wengi wetu tunayasikiliza maonyesho haya kwenye rekodi, kwa hiyo swali la kwanza ni jinsi rekodi ilivyopatikana. Ziko za aina mbili kubwa. Rekodi ya mezani huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti ya fundi mitambo, na ndani yake kila ala husikika peke yake, huku hadhira ikiwa mbali kana kwamba ukumbi haukuwa na watu. Rekodi ya hadhira huchukuliwa kwa maikrofoni zilizoinuliwa katikati ya mashabiki. Besi huvimba, mwangwi wa ukumbi huingia, na mtu aliye karibu na maikrofoni anaweza kuimba juu ya ubeti mzuri kuliko yote, lakini unapata ukubwa wa sauti na joto la watu ambavyo meza haiwezi kukupa. Mtathmini anayeandika kwamba onyesho lilikuwa baridi wakati alichosikiliza ni rekodi ya mezani isiyokuwa na hadhira ameuhukumu waya, hajalihukumu onyesho.

Grateful Dead waliwaruhusu mashabiki wao kurekodi, na mwaka 1984 wakaanza kuwatengea eneo lao rasmi ukumbini. Kanda zilibadilishwa mkono kwa mkono bila kuuzwa, na kutokana na mtandao huo ndipo desturi ya kuyalinganisha maonyesho usiku kwa usiku ilipokomaa. Onyesho la Ithaca lilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti aliyefanya kazi na bendi na ambaye rekodi zake zinajulikana kwa mizani ya ala isiyo na mfano. Kanda zake nyingi ziliuzwa kwa mnada katikati ya miaka ya 1980 baada ya kodi ya ghala zilimohifadhiwa kutolipwa, na nakala safi zikasambaa. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuliingiza onyesho hili katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa, na mwaka 2017 likatolewa rasmi kama albamu.

Historia hiyo inahusu tathmini moja kwa moja. Sehemu ya sifa ya usiku ule ni sifa ya kanda: watu wengi walilisikia onyesho hili likiwa safi wakati maonyesho mengine ya majira yaleyale waliyasikia yakikwaruza. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba usiku fulani unaupita mwingine, hakikisha unalinganisha rekodi za mezani kwa za mezani, au za hadhira kwa za hadhira. Tovuti ya Internet Archive ina rekodi nyingi mno za bendi hii za kusikiliza bila malipo. Zile za mezani husikilizwa hapohapo mtandaoni, ila zile za hadhira zinaweza kupakuliwa, jambo ambalo mwenye bando dogo atalithamini.

Wapigaji na zama zao

Huwezi kusema nani amemsikiliza nani kama huwajui. Mwaka 1977 jukwaani walikuwa Jerry Garcia kwenye gitaa la solo na sauti, Bob Weir kwenye gitaa la rizimu na sauti, Phil Lesh kwenye besi, Keith Godchaux kwenye piano, Donna Jean Godchaux kwenye sauti, na wapigaji drams wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart. Tumia muda kidogo kuzitofautisha sauti za magitaa mawili. Garcia hupiga nota mojamoja, safi, kama mtu anayesema sentensi na kuvuta pumzi kabla ya inayofuata. Weir hapigi rizimu ya kawaida ya kushika mapigo. Hutupia korodi fupi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, katika nafasi zilizoachwa wazi na solo, na yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba alijifunza hilo kwa kuusikiliza mkono wa kushoto wa mpiga piano wa jazi McCoy Tyner. Lesh alikuwa amesoma muziki wa kitaaluma na hakuwa mpiga besi kabla ya kujiunga na bendi, na labda ndiyo sababu besi yake haikai chini kama nguzo bali hutembea na kujibizana na gitaa.

Kila bendi ya jemu ipimwe ndani ya zama zake. Hart aliondoka mwaka 1971 na kurejea katikati ya muongo, na katika miaka aliyokuwa nje, Kreutzmann akiwa peke yake, bendi iliweza kugeuka ghafla kwa wepesi unaokaribia jazi. Onyesho la Veneta, Oregon, la tarehe 27 Agosti 1972, pamoja na "Dark Star" yake ya zaidi ya nusu saa, ni ushahidi wa wepesi huo. Wapigaji drams wawili hawageuki hivyo. Wanachokupa badala yake ni uzito na mwendo wa kuchezeka. Isitoshe, mapema mwaka 1977 bendi ilikuwa studio na mtayarishaji Keith Olsen ikirekodi albamu ya Terrapin Station, na Olsen aliwadai nidhamu ambayo hawakuizoea. Nidhamu hiyo inasikika katika ziara nzima ya majira ya kuchipua ya mwaka ule. Kulilaumu onyesho la 1977 kwa kutokuwa la 1972 ni kudai kitu ambacho bendi ile haikukusudia kukitoa.

Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi ana faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba anajua maana ya mashairi kwisha na magitaa kuchukua usukani, kwa sababu amesikia sebene. Hatari ni kwamba sebene huahidi mapigo yasiyotikisika, magitaa yakisukana juu ya msingi ambao mchezaji anaweza kuutegemea hadi mwisho, wakati katika jemu ya Grateful Dead hata besi na drams zina ruhusa ya kuuacha msingi. Anayesubiri chemko lifike na kukaa atauona muziki huu ukisitasita. Ausikilize kama mazungumzo ambayo mada yake bado inatafutwa, na atasikia kwamba kusitasita kwingi ni kusubiriana.

Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu, na mara ya pili ukiifuata besi

Mara ya kwanza lisikilize onyesho lote, vipindi vyote viwili na wimbo wa nyongeza, bila kuandika neno. Tathmini nyingi mbovu huanza na mtu aliyeruka moja kwa moja kwenye jemu maarufu. Kipindi cha kwanza cha bendi hii huwa na nyimbo fupi zinazojitegemea, na kazi yake ni kuwafanya wapigaji waizoee sauti ya ukumbi na kuzoeana wao kwa wao. Ukikiruka, hutajua kipindi cha pili kilitoka wapi. Mjini Ithaca, kwa mfano, ni lazima uusikie wimbo wa polepole wa "Row Jimmy", ambao bendi isiyotulia huuharakisha na kuuharibu, ndipo uelewe kwamba subira itakayotawala mwisho wa usiku ilikuwapo tangu mapema.

Mara ya pili, shika kalamu na uifuate besi peke yake. Masikio yetu huvutwa na gitaa la solo kwa sababu liko juu na linang'aa, lakini uamuzi wa kuondoka mahali na kwenda pengine mara nyingi hufanyika chini. Kila besi inapoacha mzunguko wake, andika dakika na sekunde, kisha subiri uone ni nani anaitikia na baada ya muda gani. Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina njia ya mkato.

Maungio: "Scarlet Begonias" kuingia "Fire on the Mountain"

Katika orodha za nyimbo za maonyesho haya utaona alama ya mshale kati ya nyimbo mbili. Maana yake ni kwamba bendi haikusimama: ilipita kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine kwa kupiga. Mshale huo ndio unaostahili aya ndefu kuliko zote katika tathmini yako.

Kipindi cha pili cha Ithaca kinafunguliwa na ungio la namna hiyo, nyimbo mbili zinazochukua yapata dakika 26 kwa pamoja. Jozi hii ilikuwa changa; ilipigwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi mwaka huohuo mjini San Francisco, kwa hiyo wapigaji walikuwa bado wanaigundua. "Scarlet Begonias" umesimama kwenye ufunguo wa B, nao "Fire on the Mountain" unazunguka korodi mbili tu, B na A. B, basi, ni ardhi ya pamoja, na safari nzima ni suala la lini korodi ya A itaanza kuingia na nani ataiingiza. Beti zikishakwisha, bendi hubaki ikizunguka mahali pamoja. Sauti ya Donna Jean inaelea juu bila maneno. Drams zinashikilia mwendo bila kuusukuma. Usikimbilie kuandika kwamba wamefika wimbo wa pili. Rudisha nyuma, sikiliza tena, na utambue kwamba kuna muda ambao wimbo wa kwanza haupo tena na wa pili bado ni dokezo tu, na kwamba katika muda huo hakuna hata mmoja anayejaribu kuwavuta wenzake kwa nguvu. Halafu mzunguko wa korodi mbili unakaa, na unajikuta ndani yake bila kukumbuka mlango ulikuwa wapi.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la usiku ule, kuliko solo yoyote. Ungio baya unalitambua kwa urahisi: mmoja anaanza mdundo wa wimbo mpya, wawili wanamfuata, wa nne anachelewa, na kwa sekunde kadhaa kuna nyimbo mbili jukwaani zinazogombana. Ungio la kawaida ni lile ambalo linasafishwa na drams, zinazopiga fili moja kubwa, yaani mapigo ya haraka ya kujaza pengo, na kuwapeleka wote ng'ambo. Ungio bora halina mwenye kuliamuru. Ukishayasikia yote matatu, utakuwa na kipimo unachoweza kukibeba kwenye onyesho lolote la bendi yoyote ya jemu.

Kimya, urefu na vishawishi vingine

Baada ya maungio, pima ukimya. Kipindi cha pili cha Ithaca kinafungwa na "Morning Dew", wimbo wa Mkanada Bonnie Dobson unaosimulia waliosalia baada ya vita vya nyuklia, na bendi inauchukua kwa takriban dakika 14. Ubeti wa mwisho ukishaimbwa, muziki unashuka hadi karibu na kutosikika, kisha unaanza kupanda hatua kwa hatua mpaka Garcia anaacha nota mojamoja na kuanza kuzichapa nyuzi kwa kasi, korodi nzimanzima, huku wengine wote wakipanda naye. Wasikilizaji wengi hutaja kilele. Ninakushauri utaje bonde. Angalia ni nani alishuka wa kwanza, kama wapigaji drams wote wawili walishuka pamoja, na kama piano ilijua kuacha nafasi. Kilele kisicho na bonde nyuma yake ni kelele tu, na bendi nyingi zilizofuata nyayo za Grateful Dead zimejifunza kupanda bila kujifunza kushuka.

Urefu ni kishawishi kinachowapotosha mashabiki kuliko vyote. Bendi ya Phish kutoka Vermont, iliyoanza mwaka 1983, ilipiga wimbo wake wa "Tweezer" kwa takriban dakika 37 mnamo tarehe 31 Julai 2013 huko Stateline, Nevada, kando ya Ziwa Tahoe, na mashabiki wanaitaja jemu hiyo kwa heshima hadi leo. Heshima hiyo inastahili, lakini si kwa sababu ya saa. Inastahili kwa sababu jemu inabadilika sura mara kadhaa na kila sura inazaliwa na iliyotangulia, hata kufikia mahali ambapo hadhira inaanza kupiga mayowe katika nafasi wanazoachiwa na bendi, na bendi inayachukua mayowe hayo kama ala nyingine. Mashabiki wa Phish hutofautisha jemu inayobaki ndani ya korodi na mwendo wa wimbo na ile inayoutoka wimbo kabisa. Tofauti hiyo itakusaidia, mradi usiichukulie ya pili kuwa bora daima. "Fire on the Mountain" ya Ithaca haitoki katika korodi zake mbili hata kidogo, na haihitaji kutoka.

Makosa ya kupiga, kama nota iliyokosewa au ubeti uliosahauliwa, yataje kwa kifupi na upite. Garcia alisahau mashairi mara nyingi katika maisha yake ya jukwaani, na bendi inayobuni papo hapo isiyokosea kamwe yamkini haijaribu.

Hata hivyo, usiogope kutaja upungufu wa kweli. Upungufu wa onyesho la Ithaca, kwa maoni yangu, ni kwamba halina sehemu ndefu ya kupiga bila umbo, ile ambamo hata mapigo yanayeyuka na msikilizaji hajui kama muziki utarudi. Kila kitu usiku ule kinajua kinakokwenda. Nyimbo nyingi za kipindi cha kwanza zimepigwa vizuri bila hatari yoyote, mpaka "Dancing in the Street" inapokifunga kwa mwendo wa disko na kuwapa wapigaji nafasi ya kunyoosha miguu. Anayeipenda bendi hii kwa ujasiri wake wa 1969 au 1972 ana haki ya kuuweka usiku huu chini ya mingine, na tathmini yako imweleze kwa nini badala ya kumfokea kwa jina kubwa la onyesho.

Kuandika

Sasa andika. Juu kabisa weka tarehe, ukumbi, mji na aina ya rekodi uliyoisikiliza. Kisha chagua mahali pawili au patatu tu, upaeleze kwa ukaribu, na nyimbo nyingine uzipe sentensi moja au usizitaje. Aya inaweza kusomeka hivi: "Beti zinapokwisha, besi inaacha mzunguko wake lakini haikimbii, inarudia nota tatu zilezile mara kadhaa hadi gitaa la Weir linapoanza kuzijibu, na ni baada ya jibu hilo ndipo Garcia anabadili mwelekeo." Sentensi ya aina hiyo msomaji anaweza kuifungulia rekodi na kuihakiki. Sentensi inayosema kwamba jemu ilikuwa ya ajabu haihakikiki. Epuka nyota na alama juu ya kumi, kwa sababu zinalazimisha usiku wa disko na usiku wa kupotea angani kusimama kwenye mizani moja.

Kabla hujaandika neno "bora", sikiliza jirani zake. Usiku uliotangulia bendi ilikuwa Boston, na usiku uliofuata, tarehe 9 Mei, ilikuwa Buffalo, ambako ilifungua kwa mfululizo wa "Help on the Way", "Slipknot!" na "Franklin's Tower", jambo linalodai utayari wa juu tangu nota ya kwanza. Wako mashabiki wazito wanaouweka usiku wa Buffalo mbele ya ule wa Ithaca. Mimi bado nasimama na Ithaca kwa ajili ya lile ungio la mwanzo wa kipindi cha pili na kwa ajili ya bonde la "Morning Dew", lakini nasema hivyo baada ya kusikiliza zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika tathmini yako msomaji aweze kuona kwamba nawe umefanya hivyo: itaje dakika ambapo Buffalo inaipita Ithaca, kisha dakika ambapo haiifikii.